Siku Tisa na Mtakatifu Yuda Tadei: Kutoka Chake Chake hadi Minara Miwili

Jumamosi, 19 Oktoba 2024. Siku ya kwanza

Niliondoka Chake Chake alfajiri kwa gari la Mkoani, nikiwa na begi moja, misale ya marehemu mama, yaani kitabu chake cha sala za Misa, na ndani ya misale karatasi ya novena, sala ya siku tisa mfululizo, iliyokunjwa mara nne. Huu ni msimu wa karafuu. Kulipoanza kupambazuka wenye mali walikwisha kutandaza majamvi kando ya barabara, na harufu ilitufuata garini hadi tulipoiona bahari.

Ninakwenda Unguja kumuuguza kaka yangu, ambaye tangu mwezi wa Juni amelala nyumbani kwake Tomondo, amepooza upande wa kulia na hasemi. Shuleni wamenipa ruhusa ya siku kumi. Nilipozihesabu niliona zinatosha novena nzima ya Mtakatifu Yuda Tadei, ambayo huanza tarehe 19 na kuisha tarehe 27, ili kesho yake iwe sikukuu yenyewe. Mama alikuwa akimkimbilia mtakatifu huyu kila mambo yalipomzidi kimo, na ndiye aliyetufundisha kwamba Yuda Tadei ni msimamizi wa walioishiwa na matumaini.

Nilianza kusali kwenye benchi la bandari ya Mkoani, kwa sauti ya chini, watu wakipita na mizigo yao. Sala inamwita mtume mtukufu, mtumishi mwaminifu na rafiki wa Yesu, inasikitika kwamba jina la msaliti limewafanya wengi wamsahau, kisha inafika mahali penye mabano: (hapa taja ombi lako). Hapo nikanyamaza. Ningetarajiwa kusema "kaka apone", maneno mawili tu, lakini hayakutoka. Sababu ninaijua, nami nitaiandika nitakapoweza. Niliyaruka mabano nikamaliza sala.

Demani imeingia, kwa hiyo bahari ilikuwa ya kuvumilika, ingawa katikati ya mkondo boti iliyumba kiasi cha kuwanyamazisha hata watoto. Tulipoikaribia bandari nilianza kuitafuta minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu juu ya mapaa ya Mji Mkongwe, na nilipoiona nilifanya ishara ya msalaba kama mama alivyokuwa akifanya kila safari.

Kaka alikuwa amelala kwa ubavu akiutazama ukuta. Wifi alimwambia kwa sauti, "Baba, dada yako kaja." Niliinama nikasema, "Shikamoo, kaka," salamu ambayo sikuwa nimempa kwa miaka mitatu. Aligeuza macho, akanitazama, kisha akayarudisha ukutani.

Jumapili, 20 Oktoba. Siku ya pili

Leo ni Jumapili ya Misioni. Nilikwenda Misa ya asubuhi na mtoto mkubwa wa kaka, nikasikiliza Injili nusunusu kwa uchovu wa safari: ni ile ya wana wa Zebedayo wanaoomba viti vya kulia na kushoto katika utukufu.

Mchana kaka aliposinzia nilichukua Biblia ili nimjue vizuri zaidi huyu ninayemwomba aniombee. Hakuandikwa sana. Mathayo na Marko wanamwita Tadayo, Luka anamwita Yuda wa Yakobo, na Yohane anamtaja mara moja tu, katika chakula cha mwisho, tena kwa uangalifu wa kutuambia kwamba siye Iskariote. Usiku ule anauliza swali moja: imekuwaje Bwana ajidhihirishe kwao na si kwa ulimwengu? Baada ya hapo haongei tena ndani ya Injili. Mapokeo yanamhesabu pia kuwa mwandishi wa waraka mfupi wenye aya 25, na humo mna agizo moja ambalo nililipigia mstari kwa penseli, kwamba tuwahurumie walio na shaka.

Kwenye picha ya mama, ambayo kingo zake zimelainika kwa kushikwa, mtume ana mwali wa moto juu ya kichwa, ule wa Pentekoste, na kifuani ana medali yenye uso wa Yesu. Nimeiegemeza kwenye dirisha, mahali ambapo kaka anaweza kuiona akigeuka.

Jumatatu, 21 Oktoba. Siku ya tatu

Wifi amenifundisha kumlisha. Kwanza anainuliwa kwa mito miwili mpaka akae wima kabisa, kisha anaambiwa ashushe kidevu kifuani kabla ya kumeza, kwa sababu akimeza huku kichwa kimeinuka uji huingia njia ya hewa akapaliwa. Maji matupu ni hatari kwake kuliko uji mzito, jambo ambalo sikulitegemea. Kijiko ni cha chai, na hakijazwi. Unakipitisha upande wa kushoto wa mdomo, ulio mzima, unasubiri koo lipande na kushuka, unatazama kama kuna kilichobaki shavuni, ndipo unachota kingine. Kikombe kimoja kilinichukua dakika arobaini. Kwa muda wote huo nyuso zetu zilikuwa karibu kuliko zilivyowahi kuwa tangu utotoni, na hatukuwa na la kuambiana.

Uji wenyewe huletwa kila asubuhi na jirani, Bi Mkubwa mmoja ambaye mwaka mzima hukosi kumwona barazani kwake baada ya sala ya alfajiri. Ni uji wa mchele wenye tui na pilipili manga. Alinikuta ninasali, akasubiri mlangoni mpaka nilipomaliza, kisha akauliza, "Mgonjwa kaamkaje?" Nikamjibu kwamba hajambo kidogo. "Mwenyezi Mungu amjaalie shifaa," akasema, "mie namtia duani kila siku. Na wewe ushike hivyo hivyo, mwanangu, usichoke." Ninamshukuru Mungu kwa ajili ya mama huyu. Tangu Juni hajakosa hata siku moja.

Mabano niliyaruka tena.

Jumanne, 22 Oktoba. Siku ya nne

Nilipanda daladala hadi Darajani, nikaingia vichochoro vya Mji Mkongwe kwa miguu hadi Minara Miwili, kwa nia ya kuungama. Kanisa lilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, ambao walichukua misheni ya Zanzibar mwaka 1863 kutoka kwa mapadri waliotangulia kufika mwaka 1860 wakitokea kisiwa cha Réunion. Wakati huo soko la watumwa lilikuwa bado linauza watu hapa mjini, umbali wa kutembea kwa miguu. Lilifungwa mwaka 1873. Miongoni mwa Wakristo wa kwanza wa misheni hii walikuwamo watoto waliokombolewa kutoka utumwani, ambao hawakuwa na baba wala mama wa kuwauliza walitoka wapi. Nilikaa kwenye benchi la nyuma, chini ya michoro ya ukutani iliyofifia, nikiwafikiria hao kwa muda mrefu. Sala ya mtu aliyekata tamaa ina umri mkubwa mahali hapa.

Niliungama mengi. Moja nilipita juu yake.

Baadaye, nje, nilimwonyesha padri karatasi yangu, kwa kuwa mwishoni ina maneno yaliyokuwa yakinisumbua: kwamba anayesali lazima atoe nakala tisa kila siku aziache kanisani, jumla 81, na kwamba ombi hujibiwa siku ya tisa bila kushindwa. Padri alisoma akatikisa kichwa. Aliniambia nikate kipande hicho. Alisema kwamba kuitegemea hesabu ya nakala badala ya kumtegemea Mungu ni ushirikina uliovaa kanzu ya sala, na kwamba Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, inaonya juu ya jambo hilo hilo katika namba 2111. "Usimfanye mtakatifu kuwa mganga," akasema. "Ni ndugu yako aliyetangulia. Unamwomba akuombee, kama unavyomwomba jirani." Nikamkumbuka Bi Mkubwa na kikombe chake cha uji, nikaelewa upesi kuliko ambavyo ningeelewa kwa kitabu.

Ninaona ni vibaya kabisa kumwekea masharti ya nakala mtu ambaye nauli ya hospitali tu imemshinda. Nilikikata kipande kile hapo hapo kwa kucha.

Jumatano, 23 Oktoba. Siku ya tano

Mvua ya vuli ilinyesha tangu asubuhi na umeme ulikatika. Wifi naye ana mtakatifu wake, Rita wa Kashia, ambaye picha yake imebandikwa ndani ya mlango wa kabati, akiwa na jeraha la mwiba kwenye paji la uso. Tulipokuwa tunakunja nguo alinisimulia habari zake: jinsi mumewe alivyouawa katika uhasama wa koo, jinsi alivyowasihi ndugu wa mume wasilipize kisasi, na jinsi masista walivyomkatalia utawa mpaka alipokwisha kuzipatanisha pande mbili zilizogombana. Alifariki mwaka 1457 na Kanisa likamtangaza mtakatifu mwaka 1900. Wifi alikuwa anasimulia tu. Mimi nilikunja shuka lile lile mara tatu.

Alhamisi, 24 Oktoba. Siku ya sita

Leo nimekwenda Kitope na mtoto wa kaka, kuyasafisha makaburi ya wazazi. Njia ya Mahonda ilikuwa na matope, na tulipofika nyasi zilikuwa zimeufunika msalaba wa baba hadi mikono yake. Kijana alifyeka, mimi nikang'oa kwa mkono karibu na mawe.

Kutoka makaburini unaliona shamba. Ni la eka tatu, katika yale yaliyogawiwa familia baada ya Mapinduzi ya 1964, na baba, ambaye alikuwa ametoka Bara akiwa kijana kuja kutafuta vibarua vya karafuu, alilipokea kama mtu aliyekabidhiwa nchi nzima. Mikarafuu aliipanda yeye. Miaka mitatu iliyopita kaka alilikodisha shamba lote kwa mtu mwingine bila kuniuliza, na fedha akazitumia. Nilizipata habari siku ya Misa ya kumbukumbu ya baba, tukiwa tumekaa na watu, na alipoanza kujieleza nilisimama mbele ya wote nikasema: "Mungu na aufunge mdomo wako huo wa uongo."

Nimeyaandika. Hayo ndiyo yaliyo ndani ya mabano. Wifi aliponipigia simu Juni na kuniambia, "Kaka yako kaanguka, mdomo umekwenda upande, hasemi," sikusikia habari ya ugonjwa. Nilisikia sauti yangu mwenyewe.

Ninajua kwamba kaka ana shinikizo la damu tangu zamani na kwamba alikwisha kuacha vidonge. Ninajua pia kwamba Mungu si mtumwa wa kutumwa na hasira yangu, na kama mwanafunzi wangu angeniletea hofu ya namna hii ningemtuliza kwa maneno mazuri. Lakini usiku maneno hayo hayafiki. Ndiyo maana kila nilipotaka kusema "apone", nilijiona kama mtu aliyechoma nyumba na sasa anasimama barabarani akiomba mvua.

Nilisali novena kaburini kwa mama. Kijana aliniuliza, "Shangazi, mbona unasitasita?" Nikamwambia nimesahau mstari.

Ijumaa, 25 Oktoba. Siku ya saba

Jumuiya ya waumini wa mtaani ilikuja jioni kusali nyumbani, watu kumi na wawili, wakakaa kwenye mikeka hadi ukumbini. Tulimsogeza kaka kwenye kiti chenye mikono, mto ubavuni kwa upande uliolegea. Kwa kuwa ni Ijumaa tulisali rozari ya matendo ya uchungu.

Rozari ya wengi ina mwendo wake. Anayeongoza anaanza, "Salamu Maria, umejaa neema," na wengine wanapokea, "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu," mpaka sauti zinakuwa kama maji yanayopanda na kushuka. Nilikuwa nimeketi upande wake wa kushoto. Katika tendo la tatu, Yesu anapotiwa miiba kichwani, nilisikia kitu kikikwaruza chini ya sauti za watu. Nikadhani amepaliwa, nikamgeukia haraka. Midomo yake ilikuwa inafuata. Salamu iliyofuata nilinyamaza ili nisikie, na ilipofika mwisho kaka akasema, kwa sauti nzito iliyoburutwa lakini neno kwa neno: "sasa na saa ya kufa kwetu. Amina."

Wifi aliangusha rozari yake. Aliyekuwa akiongoza alisita, lakini mzee mmoja akamfanyia ishara asikatishe, nasi tukaendelea, wengi wakilia, na kila Salamu kaka aliidaka mkia wake. Tulipomaliza watu walimzunguka wakamwambia aseme jina lake. Alifungua mdomo. Hapakutoka kitu.

Bi Mkubwa, aliyekuwa akisikiliza kutoka barazani kwake, aliingia akasimama mlangoni. "Nimemsikia," akasema. "Alhamdulillahi, nimemsikia."

Jumamosi, 26 Oktoba. Siku ya nane

Usiku nilikuwa nimekwisha kuandika muujiza kwenye ujumbe wa simu ili niutume Pemba. Namshukuru Mungu kwamba sikuutuma kabla ya kuongea na kijana anayekuja kumfanyisha kaka mazoezi ya viungo. Alifurahi sana, lakini alinieleza kwa utaratibu. Kiharusi cha kaka kiliharibu upande wa kushoto wa ubongo, ambao kwa watu wengi ndio unaotunga maneno, na ndio pia unaoendesha mkono na mguu wa kulia. Lakini maneno ambayo mtu ameyarudia tangu utotoni, kama kuhesabu, nyimbo na sala, mara nyingi hubaki, kwa kuwa hayatungwi upya, yanatoka yenyewe yakishavutwa na mwendo. Alisema si uponyaji bado, ila ni mlango, na kwamba tusali naye kwa sauti kila siku, tena polepole.

Sikuona kwamba maelezo hayo yamepunguza kitu. Mama ndiye aliyeziweka sala hizo ndani ya kaka, jioni baada ya jioni, taa ya kandili ikiwa katikati yetu, na ziliwekwa mahali ambapo ugonjwa haukufika.

Jioni nilisali siku ya nane. Nilijaribu kusema, "Mrudishie sauti." Sentensi ilitoka, lakini nilijua wazi kwamba ninataka arudishiwe sauti ili aseme kwamba amenisamehe. Yaani nilikuwa ninamwombea kaka kwa faida yangu.

Jumapili, 27 Oktoba. Siku ya tisa

Nilirudi Minara Miwili kwa Misa. Injili ilikuwa ya Bartimayo, kipofu wa Yeriko, anayeketi kando ya njia akiomba. Anapaza sauti, wanamkemea anyamaze, anazidi. Yesu anasimama, wanamwambia, "Jipe moyo, inuka, anakuita." Analitupa vazi lake, anakwenda, na Yesu anamwuliza: "Wataka nikufanyie nini?"

Nilishtuka, kwa sababu swali hilo nilikuwa nimelisikia Jumapili iliyopita bila kuliwekea maanani. Ndilo waliloulizwa wana wa Zebedayo: mwataka niwafanyie nini? Linatoka katika sura ile ile ya kumi ya Marko, kwa watu wa aina mbili. Wale walikuwa wameandaa jibu zuri, wanataka viti. Huyu anajibu kwa kile anachokikosa. Na Yesu, ambaye bila shaka aliona kwamba mbele yake amesimama kipofu, hata hivyo alimtaka akitaje mwenyewe kwa kinywa chake.

Kwa siku nane nilikuwa nimesimama kwenye mabano nikidhani tatizo ni mdomo wa kaka.

Nilifungua karatasi pale pale baada ya Komunyo, nikasali sala ya siku ya tisa, na nilipofika kwenye mabano nilisema: "Nipe kinywa cha kumwomba radhi." Kisha nilimsubiri padri baada ya Misa, nikaungama lile nililopita juu yake.

Nyumbani nilimkuta kaka amekaa kwenye kiti, wifi yuko jikoni. Nilipiga magoti sakafuni ili macho yetu yalingane. Nilimwambia, "Kaka, siku ile ya kumbukumbu ya baba nilikuapiza mbele ya watu. Nilimwomba Mungu aufunge mdomo wako. Sikuwa na haki, hata kama shamba lilikuwa na maneno. Nimekosa kwako. Nisamehe, kaka." Niliyasema yote bila kukwama.

Alinitazama kwa muda mrefu. Machozi yalimtoka, ingawa tangu augue machozi humtoka pia kwa mambo madogo, kwa hiyo siyahesabu. Kisha aliunyanyua mkono wa kushoto kutoka mapajani, taratibu, akaniwekea kidole kwenye midomo, akakiacha hapo. Nilipomweleza wifi, alisema hivyo ndivyo anavyofanya watoto wakipiga kelele.

Jumatatu, 28 Oktoba. Sikukuu ya Watakatifu Simoni na Yuda, Mitume

Nimeandika haya ndani ya boti ya Pemba. Misa ya leo imenipita kwa sababu ya safari, basi nimesoma Injili yake mwenyewe kwenye simu, Luka sura ya sita, ambapo Yesu anakesha mlimani usiku kucha katika sala na asubuhi anawachagua kumi na wawili. Mwisho wa orodha wamewekwa Yuda wawili, mmoja nyuma ya mwenzake, yule wa Yakobo na yule aliyekuwa msaliti, wote wawili wameitwa kwa jina na sauti ile ile.

Picha ya mama nimeiacha dirishani kwa kaka. Karatasi nimemwachia wifi, na alfajiri kabla sijatoka nilimwona tayari ameikunjua karibu na taa, anaisoma polepole, akafika kwenye mabano akatulia.

Tulipokwisha kupita kisiwa cha Tumbatu mtandao ulianza kukatika. Ujumbe wa wifi ulikuwa wa mwisho kuingia: "Kaka yako kanywa uji wote wa Bi Mkubwa. Tumesali kumi moja la rozari. Kasema Amina mara nne."